Utando mdomoni mwa njiwa: kanka, ndui, fangasi au minyoo? Na dawa ipi uchukue

Magonjwa manne yanayoleta utando mdomoni mwa ndege yanafanana ukiyatazama harakaharaka, lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. Kanka huletwa na trikomona, kimelea cha seli moja. Ndui huletwa na kirusi. Utando mweupe wa gole, yaani ule mfuko wa chakula chini ya shingo, mara nyingi ni fangasi. Na ipo minyoo myembamba inayojichimbia kwenye ukuta wa koo. Ukienda duka la dawa za mifugo na kusema tu kwamba njiwa wako ana vidonda mdomoni, kuna uwezekano mkubwa wa kurudi na paketi ya unga wa oksitetrasaiklini. Hiyo ni dawa ya bakteria. Haiui hata kimoja kati ya hivyo vinne, na ukiitumia muda mrefu inamfungulia mlango fangasi.

Kwa hiyo kuna chaguo mbili hapa. Ya kwanza ni kuamua ni ugonjwa gani. Ya pili, ukishajua ni kanka, ni kuamua dawa ipi kati ya zile zinazotajwa na wafugaji na namna ya kuitoa. Jedwali hili ni la kuanzia, maana lina vishimo vyake ambavyo nitavieleza chini.

| | Kanka | Ndui ya mdomoni | Fangasi | Minyoo ya koo |
|---|---|---|---|---|
| Ndege wa kumshuku kwanza | Njiwa, hasa makinda. Ndege wawindaji wanaolishwa njiwa. Kasuku wadogo | Kuku, bata mzinga, njiwa | Kasuku na makinda wa kulishwa kwa mkono | Kuku, bata mzinga, kanga, kwale |
| Kinachoonekana | Uvimbe wa manjano ulioshikana mithili ya maziwa mgando, wenye harufu mbaya | Mabaka ya manjano au kahawia yaliyonata | Utando mweupe, gole nene lisiloshuka | Koo jekundu lililovimba, ute mwingi |
| Dalili ya pembeni | Kushindwa kumeza, kukonda, kinyesi cha kijani | Vipele na magamba usoni na miguuni | Kutapika, harufu ya chachu | Kukonda, kumezameza bila chakula |
| Tiba | Dawa za jamii ya metronidazo | Haina dawa ya kuua kirusi. Ni kutunza na kuchanja | Nistatini | Dawa ya minyoo inayomfaa ndege huyo |

Kanka na ndui: hapa ndipo watu wengi hukosea

Mshike njiwa vizuri, mbawa zimebanwa, kisha mfungue mdomo kwa kidole gumba na cha shahada huku mtu mwingine akimulika kwa tochi ya simu. Juu utaona ufa mrefu kwenye kaakaa. Nyuma ya ulimi kuna tundu dogo linalofunguka na kufunga: hiyo ndiyo njia ya hewa. Kanka hupenda kukaa kwenye kaakaa, pembeni mwa tundu hilo, na kushuka hadi kwenye koo na gole. Uvimbe wake hukua kwa kasi. Kinda aliyekuwa na doa dogo anaweza baada ya siku chache kuwa na bonge linaloziba koo kabisa, akawa anafungua mdomo kupokea chakula na hakipiti. Aina kali za kimelea hiki hazikomei mdomoni, hushuka mpaka kwenye ini, na hapo ndege hufa hata kama mdomo unaonekana una nafuu.

Ndui ya mdomoni nayo huleta mabaka ya manjano, lakini yamenata. Ukijaribu kuyabandua yanaacha kidonda kinachotoka damu. Hicho ndicho kipimo kinachosimuliwa sana, nami nakushauri usikifanye. Hata bonge la kanka lililozama kwenye kaakaa linaweza kutoa damu nyingi likivutwa, na ndege wa gramu 350 hana damu ya kupoteza. Kuna alama salama zaidi. Tazama ngozi isiyo na manyoya: kuzunguka macho, kwenye pembe za mdomo, upanga wa kuku, miguu. Ukiona vipele vigumu au magamba huko, huku ndege wengine wa banda nao wanavyo, na ni msimu wa mvua ambapo mbu wamejaa, basi ni ndui. Mbu ndiye msambazaji wake mkubwa. Kanka haina vipele vya ngozi.

Umri nao unasaidia. Kanka huua zaidi makinda wa njiwa wenye wiki moja hadi nne, kwa sababu wazazi huwapa kimelea pamoja na ule uji wa gole tunaouita maziwa ya njiwa. Mzazi mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa, mdomo safi, anaruka vizuri, na bado akawa amekibeba. Njiwa wengi waliokomaa wako hivyo. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba jozi yake nzuri kila ikitotoa makinda wanakufa, anabadilisha chakula, anabadilisha kiota, na tatizo liko kwenye koo la baba au mama.

Kwa kuku, geuza mpangilio. Kuku kupata kanka si jambo la kawaida. Akiwa na utando wa manjano, anza na ndui, na kumbuka kwamba ndui ikikaa karibu na njia ya hewa humkaba kuku. Kwa kawaida ndui huisha yenyewe baada ya wiki mbili hadi nne, mradi ndege aendelee kula na kunywa, kwa hiyo kazi yako ni chakula laini, maji karibu, kivuli na kuzuia mbu. Chanjo ya ndui ya kuku, ile ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, ni ya kinga kwa ambao hawajaugua. Imetengenezwa kwa ajili ya kuku, usiitegemee kulinda njiwa.

Fangasi na minyoo

Fangasi wa gole ni ugonjwa wa ndege aliyedhoofishwa na kitu kingine: antibayotiki ya muda mrefu, uji wa kulisha kwa mkono uliokaa ukachacha, au sirinji isiyosafishwa vizuri. Gole linakaa limejaa tangu asubuhi, na ukimkaribia ndege unasikia harufu ya chachu. Nistatini ya matone, ileile wanayopewa watoto wachanga wenye utando mdomoni, ndiyo dawa ya kawaida. Hufanya kazi kwa kugusana na fangasi, kwa hiyo hutolewa gole likiwa tupu, kabla ya mlo. Ukiweka juu ya chakula umeitupa.

Minyoo ya koo ni ya kuku na jamaa zake zaidi kuliko njiwa. Baadhi hupitia kwa nyungunyungu, ndiyo maana ndege wa kutembea uani huipata zaidi ya wale wa kufungiwa juu ya sakafu kavu. Pia usiichanganye na minyoo mekundu ya koromeo, ambayo hukaa ndani ya njia ya hewa na kumfanya kifaranga anyooshe shingo na kufungua mdomo akitafuta pumzi. Kwa minyoo hii yote miwili, piperazini ambayo wengi wanaijua ni dawa dhaifu. Ile ni ya minyoo mikubwa ya utumbo. Fenibendazo huwafaa kuku, lakini kwa njiwa ni hatari. Huharibu uboho wa mifupa na utumbo, na njiwa waliopewa wamekufa. Albendazo vilevile. Aliye na kuku na njiwa katika ua mmoja asiwape wote dawa ya minyoo ya ndoo moja.

Kwa kasuku, ongeza shaka ya tano: upungufu wa vitamini A. Kasuku wa kijivu anayelishwa mbegu za alizeti mwaka mzima hupata vivimbe vyeupe mdomoni ambavyo havina kimelea chochote. Dawa ya kanka haitamsaidia; karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha na pilipili nyekundu ndivyo vitakavyomsaidia, pamoja na daktari wa kutazama kama vivimbe vimeshaingiwa na bakteria. Kasuku wadogo wa rangi rangi wanaofugwa kwenye vizimba wao hupata kanka, lakini kwao mara nyingi mdomo ni safi. Ugonjwa uko kwenye gole, na unachoona ni ndege anayetapika na manyoya ya kichwa yaliyogandamana kwa matapishi.

Kitu kimoja cha kumtuliza mwenye njiwa: vidoadoa vidogo vyeupe, vigumu, vilivyotulia nyuma ya koo la njiwa mzima mwenye afya, mara nyingi ni vijiwe vya mate tu. Havikui na havinuki. Watu wamewanywesha njiwa wao dawa miezi na miezi kwa ajili ya vidoa hivyo.

Kabla ya kununua, pima

Kipimo cha kanka ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kijiti cha pamba kinaloweshwa kwa maji ya dripu ya chumvi yaliyo vuguvugu, kinasuguliwa kooni hadi karibu na gole, kisha tone linawekwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini, kwanza kwa ukuzaji wa mara 100 kisha 400. Trikomona anaonekana akitikisikatikisika huku akijizungusha kwa mikia yake ya mbele. Fundi maabara wa zahanati yoyote anamjua ndugu yake, yule anayetafutwa kwenye mkojo wa binadamu, hivyo hata pasipo na maabara ya mifugo karibu si vibaya kuuliza. Huyu wa njiwa haambukizi binadamu.

Sharti ni moja: haraka. Kimelea hiki kinatambulika kwa kutembea kwake, na nje ya mwili sampuli ikipoa au kukauka kinakufa. Ukichukua pamba nyumbani saa mbili asubuhi ukafika maabara saa tano, majibu ya kwamba hakuna kitu hayana maana. Mpeleke ndege mwenyewe kwenye kikapu, pamba itumike pale pale. Na hata pamba mbichi ikikosa kitu, si ushahidi kamili. Kwa kinda anayenuka mdomo na mwenye bonge la manjano, mimi ningetibu kanka huku nikirudia kipimo.

Dawa za kanka zikiwekwa pamoja

Zote zinazotajwa ni jamii moja: metronidazo, ronidazo, kanidazo na dimetridazo. Tofauti iko kwenye upatikanaji, namna ya kutoa, na nafasi ya kukosea bila kuua.

Metronidazo inashinda kwa upatikanaji. Iko katika kila famasi, kwa vidonge vya miligramu 200 na 400 na kwa dawa ya maji ya watoto yenye miligramu 200 kwa kila mililita 5. Kwa njiwa mmoja mmoja ile ya maji ndiyo bora, kwa sababu kukata kidonge cha 200 vipande kumi na viwili vilivyo sawa ni ndoto. Kipimo kinachotumika sana kwa njiwa ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 5. Njiwa wa gramu 350 basi anahitaji karibu miligramu 17, yaani mililita 0.4 hivi ya dawa hiyo. Mpime kwenye mizani ya jikoni kwanza, muulize daktari wa mifugo akuthibitishie kipimo kwa ndege wako, tikisa chupa sana, na utumie sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Pitisha ncha pembeni ya ulimi, mpaka nyuma ya lile tundu la hewa, ndipo usukume taratibu. Ukimwaga juu ya tundu umemzamisha.

Kanidazo ndiyo starehe. Kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa njiwa mzima, nusu kwa kinda, mara moja, umemaliza. Mwenye njiwa wawili watatu wa thamani, au mwenye kazi ya ofisini asiyeweza kushika ndege kila siku, akiipata achukue hiyo. Ubaya wake ni kwamba si kila duka la mifugo linaiweka, mara nyingi huja kwa watu wa njiwa wa mashindano. Na kwa ugonjwa uliokwisha kukomaa, dozi moja inaweza isitoshe.

Ronidazo ni ya banda. Ni unga wa kuyeyusha kwenye maji, unafanya kazi vizuri, na njiwa wanauvumilia kuliko dimetridazo. Ila unga huu huuzwa kwa nguvu tofauti. Ule wa asilimia 10 umezoeleka, lakini upo mkali zaidi na upo dhaifu zaidi, kwa hiyo ushauri wa "kijiko kimoja kwa lita mbili" kutoka kwa mwenzako mwenye paketi nyingine haukuhusu. Soma paketi yako. Ukizidisha, njiwa wanaanza kuyumba, kupinda shingo, na wengine degedege.

Dimetridazo ningeiacha dukani. Umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mdogo, na dawa inayotolewa kwenye maji haiwezi kudhibitiwa kiasi hicho pwani au popote penye joto, maana siku ya jua kali njiwa hunywa mara mbili na zaidi.

Kuhusu siki na mrututu (ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu): siki kidogo kwenye maji haina madhara makubwa ikiwa chombo ni cha plastiki au udongo, lakini haiyeyushi bonge lililokwisha kaa kooni, na kwenye chombo cha mabati inamomonyoa zinki ambayo ni sumu kwa ndege. Mrututu uachwe kabisa.

Wale wanaofuga njiwa kwa kitoweo wasiruke aya hii. Jamii yote hii ya dawa imepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya kwa wanyama wa kuliwa. Marekani pia hairuhusu. Njiwa wa kuchinja, na kuku wa mayai ya kuuza, wasipewe bila daktari wa mifugo kusema. Kwa makinda wa nyama, mara nyingi hesabu inayolipa ni kumtoa mgonjwa, kuwatenga wazazi na kuwatibu kama wa mbegu, si wa sufuria.

Mdomoni au kwenye maji

Njiwa mgonjwa wa kanka ana koo linalouma. Huyo hanywi, au anatumbukiza mdomo bila kumeza. Kumtegemea ajitibu kwenye maji ya banda ni kuwatibu wazima na kumwacha yeye. Kanuni yangu: anayeonekana mgonjwa apewe mdomoni, mmoja mmoja, akiwa ametengwa; waliobaki, kama wamepimwa na kimelea kimeonekana, wapewe ronidazo kwenye maji kwa siku zilizoandikwa.

Maji ya dawa yabadilishwe kila siku, yasipigwe na jua, na maji mengine yote yaondolewe, pamoja na beseni la kuogea na ile ndoo iliyosahaulika chini ya bomba. Metronidazo usiitumie hivi. Vidonge ni vichungu na njiwa hukataa maji. Ile dawa ya maji ya watoto haiyeyuki, inatulia chini ya chombo, wa kwanza anakunywa maji matupu na wa mwisho anakunywa dozi ya wote.

Wakati mzuri wa kutibu jozi ya mbegu ni kabla haijataga au ikiwa imelalia mayai, ambayo huchukua siku 17 hadi 19. Ukimaliza dawa kabla ya kuangua, uji wa gole unaoanza kutoka unakuwa salama zaidi kwa kinda. Kutibu baada ya kinda kuoza mdomo ni kufukuza basi lililokwisha kuondoka stendi.

Je, watibiwe wote kila mwezi, hata bila ugonjwa? Wafugaji wa njiwa wa mashindano wengi hufanya hivyo, na wengi wao hutumia dozi ndogo kidogo "ya kusafisha". Hapa sikubaliani nao. Hispania na Ubelgiji zimeripoti trikomona waliozoea jamii hii nzima ya dawa, na kwa kuwa zote ni ndugu, kimelea kinachoshinda moja mara nyingi hushinda na nyingine. Nguvu uliyokuwa uitumie kwenye dawa ya kila mwezi ipeleke kwenye vyombo. Trikomona hana ganda la kumlinda, akikauka anakufa. Anaishi kwenye maji machafu, nafaka iliyolowa na midomo inayolishana. Vyombo visuguliwe na kukaushwa juani kila siku, punje zilizolowa zitupwe, na njiwa wa mtaani wasishiriki sahani. Uingereza ilijifunza hili kwa uchungu baada ya 2005, ugonjwa ulipoingia kwa ndege wadogo wa bustanini na kupukutisha aina moja ya chiriku wa kijani waliokuwa wakijazana kwenye sahani za mbegu. Mauritius nako, njiwa wa waridi ambaye porini alibaki takriban kumi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuokolewa kwa kuzalishwa kizuizini, ametaabishwa na kimelea hikihiki, makinda hasa.

Wenye kozi, yule ndege mwindaji anayefugwa kwa kuwindia, Oman na Falme za Kiarabu, uamuzi wao ni wa chakula kabla haujawa wa dawa. Kozi huambukizwa kwa kula njiwa mbichi. Kware wa kufugwa ni salama kuliko njiwa, na kama ni lazima awe njiwa, agandishwe kwanza kwenye friza na kuyeyushwa kabisa, kichwa, koo na gole vitupwe. Kozi anayerusha vipande vya nyama au kutikisa kichwa akila afunguliwe mdomo siku hiyohiyo.

Baada ya kuanza dawa, tarajia kula kurudi kabla ya uvimbe kuisha. Kwa kawaida siku ya pili au ya tatu njiwa anaanza kudonoa tena, bonge linakauka pembezoni na kuachia lenyewe. Kwa wakati huo mpe mbaazi zilizolowekwa na kumenywa, punje moja moja, au uji laini, lakini wewe usilivute. Ikifika siku ya tano hali ni ileile, usiongeze dozi wala kuhamia dada wa dawa hiyohiyo. Rudi kwenye darubini: ama kimelea bado kinacheza, na hapo daktari ana sababu ya kupandisha kipimo kwa usimamizi wake, ama hakionekani tena, na huenda ulichokuwa ukikitibu tangu mwanzo ni ndui.